Kulipa zaidi angani: vidokezo kwa anayetoka Obokote

Mtu wa Obokote, huko Lubutu mkoani Maniema, hufika kwenye ndege akiwa ameshachoka. Kutoka Lubutu hadi Kisangani ni zaidi ya kilomita 200 za barabara, mara nyingi juu ya pikipiki. Akielekea Kindu kwa kupitia Punia, mvua ndiyo humwamulia siku ya kufika. Kwa hiyo swali la kulipia kiti kikubwa lisiachiwe wenye pesa wa Kinshasa peke yao. Aliyepigwa na barabara namna hiyo ana haki ya kuuliza: nikiongeza dola, nitapata nini hasa?

1. Ujue unachouziwa. Ethiopian Airlines, Kenya Airways na RwandAir hazina daraja la kwanza. Kiti chao cha juu kabisa ni cha daraja la biashara, na ndivyo ilivyo pia kwa Brussels Airlines. Daraja la kwanza lenyewe utalikuta kwenye mashirika machache, kwa mfano katika baadhi ya ndege za Emirates. Kwa wengi wetu, basi, chaguo ni kati ya biashara na kawaida.

2. Gawa bei kwa saa. Weka kando ada ambazo abiria wote hulipa, kama ile ya viwanja vya ndege iitwayo Go-Pass, iliyoanza mwaka 2009. Kisha chukua tofauti ya bei kati ya madaraja mawili, uigawe kwa saa utakazokaa ndani ya ndege. Tuseme tofauti ni dola 1,600 na safari ni saa nane: kila saa ya kunyoosha miguu itakugharimu dola 200. Sasa jiulize kama ungekubali kuzitoa dola hizo mfukoni, moja moja, kila saa inapogonga. Kwa kuwa saa zikiwa nyingi bei ya kila saa hushuka, hesabu hii huonyesha pia kwamba mahali ambapo daraja la juu lina faida kubwa kwa watu wa Maniema ni ardhini. Treni ya shirika la reli, SNCC, kutoka Kindu hadi Lubumbashi huchukua siku nyingi, na anayelala kitandani katika safari kama hiyo amenunua usingizi wa usiku baada ya usiku.

3. Ndani ya nchi, kaa nyuma. Kisangani hadi Kinshasa ni kama saa mbili. Kiti cha mbele ni kipana zaidi na utapewa chakula kizuri, lakini ndege ikichelewa, wa mbele na wa nyuma wanachelewa pamoja. Hata Air Congo, iliyoanza kuruka Desemba 2024 kwa ubia wa serikali na Ethiopian, haiwezi kukuuzia muda usiokuwepo. Pesa hiyo ina kazi bora zaidi: ondoka nyumbani siku mbili mapema, ulipie chumba safi Kisangani, uoge, ulale, ndipo uende kiwanja cha ndege cha Bangoka asubuhi bila kukimbizana. Kwa anayetoka Lubutu, hakuna dola inayolinda safari nzima kuliko ile ya usiku huo. Barabara ikikuchelewesha ukaikosa ndege ya ndani, na ile ya Ulaya inakuacha.

4. Usiku mrefu ni jambo jingine. Kinshasa hadi Brussels ni kama saa nane, na mara nyingi unaruka usiku. Hapo kiti kinachogeuka kitanda kina thamani kwa mtu ambaye asubuhi ana kazi inayodai akili: mtihani, mkutano, miadi ya hospitali. Kama unapokelewa na dada yako, na kitanda kinakusubiri kwake, vumilia.

Wako wanaolipa kwa hofu ya damu kuganda miguuni. Uchunguzi ambao Shirika la Afya Duniani liliutangaza mwaka 2007 ulionyesha kwamba hatari hiyo huongezeka karibu mara mbili kwa safari ya saa nne au zaidi, ingawa kwa mtu mwenye afya inabaki ndogo. Chanzo ni kukaa bila kujongea kwa muda mrefu, iwe kwenye ndege, treni au basi, na hata aliye kwenye kiti kipana hujiletea akikaa tuli. Simama, tembea, chezesha vifundo vya miguu. Aliyewahi kuganda damu, mjamzito, au aliyetoka kufanyiwa upasuaji amwone daktari kabla ya kununua tiketi.

5. Mama anaposafiri peke yake. Hapa ndipo naona pesa nyingi zikitumika kwa upendo lakini mahali pasipo pake. Watoto walioko Ubelgiji wanachanga, wanamnunulia mama daraja la biashara ili asiteseke. Lakini mama wa miaka 70 anayepanda ndege kwa mara ya kwanza hateswi sana na kiti. Kinachomtesa ni kiwanja cha Addis Ababa anapobadilisha ndege saa kumi usiku: mbao za maandishi asiyoyasoma, ngazi zinazotembea zenyewe, lango lililobadilishwa, na watu wasiosikia Kiswahili wala Kikomo, lugha ya kwao. Dawa yake ni msaada wa kiti cha magurudumu, ambao huombwa wakati wa kununua tiketi au angalau saa 48 kabla ya safari. Ni bure, hata kwa abiria wa daraja la kawaida. Mhudumu humchukua mama mlangoni mwa ndege, humpitisha ukaguzini na kumfikisha lango la pili. Si lazima awe kilema. Inatosha kwamba mwendo mrefu unamshinda.

Mwandikieni pia karatasi yenye jina lake, namba za ndege na simu ya atakayempokea, kwa Kifaransa na Kiingereza. Baada ya hayo yote, pesa ikibaki na magoti yake ni mabovu, mnunulieni daraja la biashara, na kwa moyo wote.

6. Pima mzigo kabla ya kulipa. Katika mashirika mengi begi la daraja la kawaida lina kikomo cha kilo 23, na la biashara kilo 32. Mwenye mchele wa Maniema na mawese ya nyumbani aulize kwanza bei ya begi la ziada. Karibu kila mara ni nafuu kuliko kuhama daraja. Kwa wanaokwenda Ulaya: samaki wa kukaushwa aliyetolewa matumbo anaruhusiwa hadi kilo 20, lakini nyama, hasa ya porini, itachukuliwa na forodha, na faini inaweza kufuata.

7. Kiti hakiongezi usalama. Mabawa ni yaleyale. Tangu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya umezipiga marufuku kampuni za ndege zilizosajiliwa Kongo kuingia katika anga lake, kwa sababu ya udhaifu wa usimamizi wa nchi. Kama una dola za kuongeza, chagua kwanza shirika lenye ndege zinazotunzwa vizuri, ndipo uangalie kiti.

8. Lipia tarehe inayobadilika. Viza huchelewa, msiba huingia. Tiketi ya kawaida inayokubali kubadilishwa huwa ghali kidogo kuliko ile isiyobadilika, na mara nyingi hukuokolea tiketi nzima.

9. Kuna njia za bei nafuu za kukaa mbele. Ethiopian na Brussels Airlines zote zimo katika muungano wa mashirika ya ndege wa Star Alliance, kwa hiyo safari za mashirika hayo mawili zinaweza kuingia kwenye akaunti moja ya maili. Jiandikishe katika ShebaMiles, mpango wa maili wa Ethiopian, kabla ya safari ya kwanza, ni bure. Mashirika kadhaa pia huruhusu abiria mwenye tiketi ya kawaida kutaja bei anayoiweza kwa kiti cha mbele kilichobaki wazi, nawe utaje ile unayokubali kuitoa kwa kila saa, kama kwenye hesabu ya namba 2, mara saa za safari, usipite hapo. Na ukilazimika kusubiri Addis saa nane au zaidi kwa sababu hakuna ndege ya mapema ya kuunganisha, Ethiopian hutoa chumba cha hoteli kwa masharti yake, hata kwa daraja la kawaida. Mwombe mtu wa ajensi akuhakikishie hilo kabla hujamkabidhi pesa.