Afidaviti kwa Video: Uliza Kabla ya Kulipa

Kitambulisho kimepotea, au jina la mtoto kwenye cheti cha kuzaliwa halifanani na la shuleni, na umeambiwa ulete afidaviti, yaani hati ya kiapo. Pale saiba, Umoja au Kayole, unaambiwa utume picha ya kitambulisho kwa WhatsApp na uape kwa video, hati yenye muhuri itarudi sasa hivi. Usilipe bado.

Kenya inatambua saini za kielektroniki, na marekebisho ya sheria za biashara ya mwaka 2020 yalizipa nafasi hata kwenye mikataba. Kuapa ni jambo jingine. Sheria ya Viapo, Sura ya 15, inataka uape mbele ya kamishna wa viapo, ambaye kwa kawaida ni wakili, naye aandike kwa ukweli mahali na tarehe ulipoapa. Haijaweka utaratibu wa video. Hati inayosema uliapa mbele ya wakili ambaye hujapata kumwona ina kasoro tangu mwanzo.

Fanya hivi:

Mhakiki wakili. Tafuta jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya, uone kama ana leseni ya mwaka huu.

Usitie saini nyumbani. Nenda na kitambulisho chako, au karatasi ya polisi kama kimepotea, usome hati yote, kisha utie saini yeye akiona.

Kagua viambatisho. Kila kimoja kigongwe muhuri na kipewe herufi yake: A, B, C. Muhuri uliobandikwa kwa kompyuta hujitambulisha: ukichapa kurasa mbili, umeinama vilevile na wino umefifia palepale.

Kama una kesi, wakili anayekutetea haruhusiwi kukuapisha. Tafuta mwingine.

Ndugu akiwa ughaibuni na anataka kukupa mamlaka ya kuuza ploti yake, aende ubalozi wa Kenya au kwa notari wa huko. Jimbo la Virginia, Marekani, limeruhusu notari wa video tangu 2012, lakini ruhusa hiyo ni ya sheria ya kwao. Kabla hajalipa, uliza ofisi ya ardhi au benki itakayopokea hati kama itaikubali, na ikiwezekana upate jibu kwa maandishi.

Kabla hujatoka kwa kamishna, soma mistari ya mwisho: mahali, tarehe, jina lake, saini, muhuri. Kikikosekana kimoja, kijazwe ukiwa hapohapo.