Malai Yako Shimoni au kwa Ndama?

Mvua zikishakatika, wafugaji wa Segese na vijiji vya njia ya Kahama wana miezi ya ukame mbele yao. Wenye shimo la saileji, yaani majani mabichi yaliyochachushwa, wana nafuu, na wana maswali.

Swali: Bwana mifugo, chotara wangu anatoa lita 10 kwa siku lakini malai ni utando tu. Ng'ombe wa kienyeji wa jirani anatoa lita 2, na samli wanapata. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea, mama, hilo liko kwenye mbegu. Maziwa ya ng'ombe wetu wa kienyeji huwa na mafuta kama asilimia 5. Ya Friesian ni karibu 3.5, na chotara yuko katikati. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa maziwa mabichi ni angalau 3.25. Jipime kwa hicho, usijipime kwa jirani.

Swali: Mafuta yanatoka wapi, ilhali majani hayana mafuta?

Jibu: Yanayo, ila kidogo. Karibu nusu ya mafuta ya maziwa hutengenezwa kwenye kiwele. Vijidudu vya tumbo kubwa huchachusha nyuzi za majani na kutoa asidi ileile ya siki. Damu huifikisha kiweleni, nacho huigeuza mafuta. Kwa hiyo ng'ombe asiyecheua hana malai. Kata saileji vipande vya sentimita 2 au 3. Ukiisaga ikawa kama pumba, atameza tu.

Swali: Nikichanganya fiwi na mahindi shimoni, malai yataongezeka?

Jibu: Siahidi. Kitakachoongezeka zaidi ni maziwa yenyewe, kwa sababu fiwi ina protini ambayo mahindi hayana ya kutosha. Fiwi peke yake shimoni huharibika na kunuka, maana sukari yake ni haba. Mahindi ndiyo huichachusha. Weka mizigo 7 ya mahindi kwa 3 ya fiwi. Kata mahindi punje zikiwa zimeanza kukaza lakini ukizibana kwa ukucha bado zinatoa uji. Shindilia hadi mguu usizame, funika kwa nailoni, ngoja wiki 4.

Kinachobadilika kwenye mafuta ni aina. Majani ya kijani yana mafuta laini, na ingawa mengi hugeuzwa tumboni, mengine hupenya. Suka maziwa uone: siagi ya saileji ya mahindi matupu huwa nyeupe na ngumu, ila ya saileji yenye majani mengi huwa ya manjano na hulainika upesi. Ulaya wameliona hili kwa klova nyekundu, yenye kimeng'enya kinachochelewesha kuvunjwa kwa mafuta ya majani. Fiwi si klova, usinunue mbegu kwa hadithi hiyo. Na usianike majani juani kutwa nzima kabla ya kuyafukia. Mafuta hayo laini hupotelea hapo.

Swali: Na majani ya mti wa lusina?

Jibu: Nzuri, isizidi theluthi ya mlo. Ikizidi, ng'ombe hunyonyoka manyoya.

Swali: Mashineni pumba za mpunga ni rahisi. Nampa ndoo nzima, malai yamepungua. Kwa nini?

Jibu: Pumba laini za mpunga zina mafuta mengi, na mafuta mengi kwa mkupuo huwasumbua vile vijidudu vya nyuzi. Punguza, gawa mara mbili, na umtangulizie nyasi ndefu kavu. Mwenye ngitili asiidharau: ule utaratibu wa Wasukuma wa kufunga malisho, ambao mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI ulianza kuufufua mwaka 1986, ndio unaokupa nyuzi za kucheua mwezi wa tisa.

Swali: Nimefanya yote hayo. Malai bado.

Jibu: Ndama ananyonya saa ngapi?

Swali: Nikimaliza kukamua. Namwachia ya mwisho.

Jibu: Maziwa ya mwisho ndiyo mazito, mafuta yake hushinda ya yale ya mwanzo mara kadhaa. Leo jioni kamua ya mwanzo kwenye chupa moja na ya mwisho kwenye nyingine, uziache hadi asubuhi. Malai yako anakunywa ndama.