Land Cruiser kwenye maji ya masika

SWALI: Nina Land Cruiser ya dizeli. Masika mito hukata barabara huku Kisanga, kati ya Kilosa na Mikumi. Niifunge nini ili ivuke?

JIBU: Kwanza njia ya hewa. Injini ikinyonya maji, pistoni hugoma, maana maji hayashindiliki kama hewa, na mkono wake hupinda papo hapo. Bomba la hewa linalopanda hadi usawa wa paa husaidia, ila viungo vyake vyote hadi kwenye boksi la chujio visipitishe hata tone.

Kinachosahaulika sana ni vipumuo vya difu na giaboksi. Difu yenye moto ikizama kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Fundi avirefushe vipumuo kwa mpira hadi juu ya injini, ili difu ivute hewa badala ya maji. Baada ya kuvuka, afungue nati ya difu: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwagwe siku hiyohiyo.

Kwa Land Cruiser za mfululizo wa 70, kikomo cha Toyota ni kina cha sentimita 70, tena kwa maji yaliyotulia. Yanayokimbia ni hatari kubwa. Sentimita 60 zinatosha kubeba magari mengi. Mafuriko ya mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu hata Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe. Mto ukivimba hivyo, hakuna kifaa kitakachomvusha dereva, asubiri upungue. Akishavuka salama, akanyage breki taratibu mara kadhaa zikauke.