Tiketi ya Bei Rahisi Kupitia New York: Uliza Viza Kabla ya Kuweka PIN

Bonasi ya majani chai imeingia, mchango wa ukoo umekamilika, na binti wa Manga ana viza ya Kanada ndani ya pasipoti. Chuo kinamngoja Toronto. Kilichobaki ni tiketi tu. Ejenti mmoja mjini Kisii ana bei nzuri: Nairobi hadi New York moja kwa moja, kisha ndege ya kampuni nyingine hadi Toronto. Baba anatoa simu, anaweka PIN, pesa imeenda.

Siku ya safari, kwenye kaunta pale JKIA, anaulizwa: "Dada, viza ya Marekani iko wapi?"

"Lakini mimi siendi Marekani. Napita tu."

Hapandi ndege.

Mfano huu tumeutunga, lakini shida yenyewe ni halisi, na imejificha kwenye hayo maneno "napita tu". Viwanja vya Marekani havina sehemu ya abiria kusubiri ndege ya kuunganisha bila kupita uhamiaji. Kila anayeshuka kutoka nje hupanga foleni, hata kama anaondoka baada ya saa tatu. Kwa hivyo mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Marekani, iwe ya kupita (inaitwa C-1) au nyingine inayomruhusu kuingia.

Kumbe binti huyo huyo angepitia London pengine asingepata shida. Uingereza humtaka Mkenya awe na viza ya kupita hata asipotoka uwanjani, ila mwenye viza halali ya Kanada au Marekani kwa kawaida husamehewa. Angalia neno halali. Mwanafunzi akija likizo na viza yake ya Kanada iishe muda akiwa Nyamira, msamaha huo haupo tena.

Ulaya kuna mtego mwingine. Kubadilisha ndege Amsterdam pekee ni jambo moja. Kutoka Nairobi hadi Amsterdam, halafu Frankfurt, halafu Chicago ni jambo lingine kabisa, kwa sababu safari ya Amsterdam hadi Frankfurt huhesabiwa kama umeshaingia eneo la Schengen. Hapo viza ya Schengen inatakiwa. Pia tiketi mbili zilizonunuliwa mbali mbali zinaweza kukulazimisha utoke uhamiaji uchukue begi na kuliandikisha upya. Bei inashuka, masharti yanapanda.

Sasa, hasara ni ya nani? Kwa masharti ya karibu kila shirika la ndege, ni ya abiria. Wewe ndiwe unayetakiwa kuwa na karatasi za kila nchi unayokanyaga. Ukimlaumu mtu wa kaunta unamwonea: shirika likimbeba abiria asiye na viza hulazimika kumrudisha, na nchi nyingi hulitoza faini juu yake. Hata sheria ya Ulaya ya fidia ya abiria, namba 261 ya mwaka 2004, haimlindi aliyezuiwa kwa kukosa hati za safari. Na tiketi ya pili ya kwenda Toronto? Hukutokea, basi imekufa.

Tukirudi kwa simu yako. Kabla ya kulipa, mwambie ejenti akutumie njia yote, kila uwanja, na kama ni tiketi moja au mbili. Peleka njia hiyo kwa shirika la ndege lenyewe au tovuti ya ubalozi wa nchi ya kupitia. Sheria hizi hubadilika, hivyo jibu alilopewa binamu mwaka juzi halitoshi. Lipa kwa Paybill au Till yenye jina la biashara, usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Ukituma kwa namba ya mtu binafsi, shirika la ndege halikujui, na pesa ikishatolewa hatuwezi kuirudisha.

Baada ya kulipa, dai namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Tatu za mwanzo ni za shirika: 706 ni Kenya Airways, 074 ni KLM. Zile herufi sita za kuhifadhi nafasi pekee si tiketi. Nafasi inaweza kushikwa bila hata shilingi moja kulipwa. Hifadhi ujumbe wetu wa malipo pamoja na namba hiyo hadi safari ya kurudi iishe.