Hesabu za Kazi ya Shirika

Katika mitihani ya hesabu ya shule za msingi hutokea swali la namna hii: watu wawili wana kazi moja, na kila mmoja ana mwendo wake, je, wakishirikiana wataimaliza kwa muda gani? Watoto wengi hulikosea, wala si kwa kuwa hawajui kujumlisha, bali kwa kuwa hujumlisha kitu kisichojumlishika. Somo hili twawaandikia walimu wa Kilwa na Lindi. Lakini wazee wa vijiji nao walisome, kwani ndani yake mna habari za ujira.

Na tutwae shamba la ufuta, zao ambalo watu wa Lindi hawahitaji kufundishwa nasi. Hamisi akipalilia peke yake humaliza kwa siku 6. Musa peke yake humaliza kwa siku 12. Mwanafunzi mmoja hujibu siku 18, mwingine hujibu siku 9. Ajabu! Hamisi peke yake amemaliza kwa siku 6; je, amepata msaidizi ili achelewe? Kabla ya kushika kalamu, mtoto na ajue kwamba jawabu ni chini ya siku 6. Tena ni zaidi ya siku 3, kwa maana siku 3 zingetosha tu kama Musa angekuwa hodari sawa na Hamisi.

Kinachojumlishwa ni kazi ya siku moja. Kwa siku moja Hamisi hupalilia sudusi ya shamba, na Musa nusu ya sudusi, yaani 1/12. (Watu wa pwani wamezoea sudusi na thumni katika mirathi, mwalimu na aanzie hapo.) Basi 2/12 na 1/12 ni 3/12, ndiyo robo. Wakimaliza robo kila siku, shamba lote ni siku 4.

Mtoto aogopaye sehemu na aligawe shamba katika vipande 12, maana 12 ni kigawe kidogo cha shirika cha 6 na 12. Hamisi hupalilia vipande 2 kwa siku, Musa kimoja, jumla 3. Gawa 12 kwa 3, upate 4. Njia hii sisi twaipenda zaidi, kwa sababu mtoto huweza kuichora mchangani.

Sasa ujira. Mwenye shamba ameahidi shilingi 36,000 kwa kazi nzima. Wengi hugawa nusu kwa nusu, na hapo ndipo Hamisi anuniapo. Katika siku 4 yeye alipalilia vipande 8, Musa 4. Kama mapatano yalikuwa kulipwa kwa kadiri ya kazi, Hamisi apate 24,000 na Musa 12,000. Kama mapatano yalikuwa kulipwa kwa siku, hiyo ni habari nyingine. Heri yasemwe kabla jembe halijainuliwa.

Watahini hupenda pia kumchelewesha mmoja. Hamisi ameanza peke yake siku 3, kisha Musa akaja. Vipande 6 vimekwisha, 6 vimebaki, nao wawili huvimaliza kwa siku 2. Musa amefanya vipande 2 tu katika 12. Haki yake ni shilingi 6,000.

Mara nyingine mwenzi huwa mharibifu. Kilwa Kisiwani, katika magofu ya Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14, liko bwawa la pembe nane. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba wachukuzi wa maji walijaza bwawa kama lile kwa saa 4, na ufa ungelikausha kwa saa 12. Hapo twatoa: 1/4 toa 1/12 ni 1/6. Litajaa kwa saa 6.

Illa mwalimu asiwafiche watoto kwamba hesabu hizi hudhani watu hawazuiani. Watu ishirini hawachimbi kisima kimoja mara ishirini upesi kuliko mmoja, shimo haliwatoshi.

Wasomaji na wajaribu hili. Jahazi lapakiwa chumvi Kilwa Kivinje, na maji yatakupwa baada ya saa 2. Mpakizi wa kwanza peke yake angemaliza kwa saa 3, wa pili kwa saa 4, wa tatu kwa saa 6. Wote wameanza pamoja, lakini baada ya saa moja wa kwanza ameitwa nyumbani. Je, jahazi litawahi maji? Litawahi: kazi itakwisha kwa saa 1 na dakika 36. Njia ya kulipata jawabu hilo twawaachia.