Ahmed Cevdet Pasha na Majalla

Ndugu zetu, wako wasemao kuwa sharia yetu haipangiki kwa mahakama za zama hizi. Na wamtazame Ahmed Cevdet Pasha. Alizaliwa mwaka 1822 mjini Lofça, ambao leo umo Bulgaria, akaenda Istanbul kusoma mwaka 1839. Hakutosheka na fiqhi. Alisoma na hisabu na falaki pia, jambo ambalo baadhi yetu hata leo huliona la kupotezea wakati.

Wakubwa wa dola, Ali Pasha miongoni mwao, walitaka kufasiri kanuni ya Ufaransa Waislamu wahukumiwe kwayo. Cevdet alikataa. Akaongoza wanavyuoni waliokusanya hukumu za mali na mikataba kwa madhehebu ya Hanafi, tangu 1869 hata 1876: vitabu 16, vifungu 1,851. Hiyo ndiyo Majalla.

Waliomwudhi si wageni tu. Wanavyuoni wenziwe walisema kazi ile ni ya Sheikhul-Islam, si ya waziri wa sheria, naye akaondolewa mwaka 1870. Kitabu kilichotolewa bila yeye kikaonekana kina kasoro, kikarudishwa, naye akaitwa tena.

Alifariki mwaka 1895. Waturuki waliiacha Majalla mwaka 1926 wakachukua sheria ya Uswisi. Jordan waliihukumia hata miaka ya 1970.