Kazi ya mbali: biro inaporudi kuwa meza

Neno biro tulilipata kwa Kifaransa. Mwanzoni bureau kilikuwa kitambaa kizito cha sufu kilichotandikwa juu ya meza ya kuandikia. Baadaye likawa jina la meza yenyewe, kisha la chumba, mwishowe la idara nzima. Kazi ya mbali, yaani ile ambayo mfanyakazi wa biro anaifanyia kwake kwa kompyuta na telefone, inalirudisha neno nyuma. Biro inakuwa meza tena. Swali ni: meza ya nani?

Wengi wetu tulianza kusikia habari zake mwaka 2020, baada ya hali ya dharura kutangazwa Kinshasa tarehe 24 Machi kwa sababu ya Korona. Wanaoisifu huanza na msongamano wa magari. Huku Kasongo hilo si shida yetu. Faida yetu ni safari ya Kindu. Karani wa Kabambare anayepeleka ripoti makao makuu ya jimbo anapanda pikipiki hadi Kasongo, analala, anaendelea, na mvua ikiharibu barabara hakuna anayejua atafika lini. Ripoti ileile ikipita kwenye mtandao inafika kabla chai haijapoa. Tena kijana aliyesomea hapa anaweza kuajiriwa na shirika la Bukavu au Kinshasa bila kuwaacha wazee wake.

Lakini saa ya Maniema inatangulia ya Kinshasa kwa saa moja. Mkubwa wa Kinshasa akifunga biro saa kumi, kwetu ni saa kumi na moja; akichelewa kidogo, jua linazama na mwenye kutegemea sola anaanza kutazama betri. Umeme, mega za intaneti, kiti, meza: vilivyokuwa mali ya mwajiri sasa vinatoka mfukoni mwa mfanyakazi. Amekuwa mwenye nyumba asiyelipwa kodi.

Sisi watu wa lugha tuna hasara nyingine ya kutazama, nayo haitajwi sana. Katika biro zetu kazi inasemwa kwa Kiswahili na kuandikwa kwa Kifaransa. Katiba ya 2006 imekifanya Kifaransa lugha rasmi. Kiswahili ni lugha ya taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Karani mpya akikosea, mkubwa wake anainama begani kwake: “Mwanangu, tarehe haikai hapo, iweke juu.” Neno limekwisha. Wakiwa mbali, maneno hayo lazima yaandikwe, na kalamu ya biro imezoea Kifaransa. Onyo la upole linageuka kuwa barua. Mwenye Kifaransa dhaifu anaogopa kuuliza, na yale ambayo angejifunza kwa kuwasikia wakubwa wakibishana mezani hayamfikii.

Wengine watajibu kwamba kuna ujumbe wa sauti. Ni kweli, unasaidia. Lakini mwezi ukipita, nani ataupata ndani ya faili?

Yupo pia mwananchi. Aliyetoka kijijini kutafuta cheti cha mtoto wake hana barua-pepe. Anatafuta mlango, na mtu nyuma yake. Kwa maoni yangu, ripoti na hesabu zinaweza kufanyiwa nyumbani, mradi mwajiri alipe mega na umeme. Dirisha la kupokea watu libaki wazi.

Zoezi. Mkubwa wako yuko Kindu, wewe uko Kabambare, na umekosea jumla katika ripoti. Andika kwa Kiswahili ujumbe atakaokutumia, usiozidi mistari mitano, unaofaa kuwekwa kwenye faili. Kisha andika jibu lako. Pigia mstari kila mahali ulipokosa neno ukakimbilia Kifaransa. Somo lijalo tutaanza na maneno hayo.